Kiraka cha njano

Shoga, ngoja nikupe kisa cha leo.

Unalijua lile blanketi la viraka aliloshona marehemu bibi. Leo nimelitundika sebuleni kwa adabu zote. Nimelishonea mfuko kwa nyuma nikapitisha fimbo, halijaguswa na msumari, na jua halilifikii.

Mama mkubwa akaja kulikagua. Akasogeza miwani, akaganda.

"Hiki kiraka cha njano ni gauni langu."

Gauni lake, shoga. Lile ambalo kwa miaka thelathini anadai mama yangu alimwibia.

Akaomba mkasi. Nikasimama mbele ya blanketi kama golikipa.

Nikampigia mama, nikaweka spika ili aombwe radhi. "Mama, kumbe bibi ndiye aliyelikata lile gauni."

Mama akacheka. "Najua. Nilimshikia kitambaa. Akanipa sketi mpya ninyamaze."

Akanipa sketi mpya ninyamaze. Kwenye spika.

Mama mkubwa akainamia simu, akasema taratibu, "Basi hiyo sketi ni yangu. Ilete."

Mama akajibu kwa sauti ndogo, "Dada, tazama pembeni kule chini, kiraka cha bluu. Hata hiyo aliikata."