Baba na Orodha Yangu

Rotia, uko? Usipige simu, nitalia.

Wale wageni wa msaada wa afya wametua asubuhi, wa nchi tatu, na madaftari yao. Tumewakalisha kwenye maneaba, ukumbi wetu wa mikutano, tukawavika mashada ya maua, tukawachinjia nguruwe wawili.

Mkuu wao akauliza, "Zahanati yenu inahitaji nini?"

Shoga, orodha ninayo mkononi! Insulini, bandeji, friji ya dawa. Nimeiandika wiki nzima!

Lakini unaijua maneaba yetu. Hata uwe nesi, mwanamke wa umri wangu hukaa nyuma, anayesema ni mzee wa ukoo. Na mzee wa ukoo wetu ni nani? Baba yangu.

Akasimama. Nikamvuta kwa nyuma lavalava aliyojifunga kiunoni. "Baba, orodha." Hakugeuka.

"Wageni wetu," akasema, "hapa hatukosi kitu. Kuleni."

HATUKOSI KITU. Rotia, kasema hivyo hivyo! Na yule mkuu akatabasamu, akaandika. Nimemwona akiandika! Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga.

Nikamfuata nje. Akanikaripia, "Mgeni bado anatafuna, nianze kumwomba? Unataka tuaibike?"

Ndege imeshaondoka.

Hatukosi kitu, jamani.

Sasa hivi kaingia hapa zahanati, kakaa, kanyoosha ule mguu wake wa kisukari. "Mwanangu, kidonda kimeanza kunuka. Nifunge."

Kabati tupu. Nimechana lavalava yangu, ndiyo ninayomfungia.

Ananishukuru.