Kikao cha Wafaransa wa Altona Kuhusu Kifo cha Bwana Sauvenay

CHAMA CHA KUSAIDIANA CHA WAFARANSA WALIO UHAMISHONI
Kumbukumbu za kikao cha kamati kilichofanyika Altona, Jumapili tarehe 14 Januari 1798, chumba cha juu, duka la mishumaa la Mjane Petersen.

WALIOHUDHURIA
Marki de Fontgrive – Mwenyekiti
Kapteni d'Orvaux – Mjumbe
Bibi Ursule Tassin – Mjumbe
Padre Théodule Carmeil – Katibu

HAWAKUHUDHURIA
Bwana Roquefeuil – anaumwa kifua
Bwana Gaspard Sauvenay – amefariki

MWALIKWA
Binti Honorine Sauvenay

KUMB. NA. 1/1798: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana, akawashukuru wajumbe kwa kufika ingawa njia zilikuwa barafu tupu. Aliomba siasa zisitajwe. Bibi Tassin aliuliza, "Sasa tutaje nini, Bwana Marki, bei ya siagi?" Mwenyekiti aliendelea na ajenda iliyofuata.

KUMB. NA. 2/1798: KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Mwenyekiti alitaka jina la Bwana Sauvenay liondolewe katika orodha ya wajumbe iliyo juu, kwa kuwa alifukuzwa chamani Agosti iliyopita alipotangaza kwamba anarudi Ufaransa. Katibu alieleza kwamba hoja hiyo haikupigiwa kura, maana mjumbe mmoja alirusha kikombe na kikao kikavunjika. Kapteni d'Orvaux alikubali kwamba kikombe kilikuwa chake. Jina lilibaki.

KUMB. NA. 3/1798: TAARIFA YA MSIBA
Katibu alisoma wasifu mfupi. Marehemu alikuwa mtoto wa karani wa mji wa Riom, Ufaransa. Ujanani aliandika michezo ya kuchekesha, kisha kitabu kuhusu biashara ya nafaka kilichomfikisha mezani kwa mawaziri, naye akapewa kusimamia jimbo kwa niaba ya mfalme. Alijenga barabara, akagombana na mabwana wakubwa kwa kuwadai kodi. Mapinduzi yalipokuja, wananchi walichoma nyumba yake kwa sababu ni mtu wa mfalme. Alipokimbilia kwetu, baadhi yetu hatukumpa mkono kwa sababu ya zile kodi.

Mwenyekiti aliomba sentensi ya mwisho iwe fupi zaidi. Bibi Tassin alisema ni fupi vya kutosha.

Katibu aliendelea kwamba hapa Altona marehemu alifundisha watoto wa wafanyabiashara sarufi, na usiku wa baridi aliandika historia ya jimbo lake kwa kumbukumbu ya kichwani tu, bila hati hata moja kutoka nyumbani. Mkewe alifia kule Ufaransa, hakumzika. Majira ya joto iliposemekana kwamba serikali ya Paris imelegeza kamba na wakimbizi wanarejea, alisema anakwenda kumchukua binti yake aliyebaki huko, basi.

Binti Honorine, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, alikaribishwa. Alieleza kwamba baba yake alipofika Riom hakujua kwamba serikali imepinduka tena, wala kwamba kuna sheria mpya ya kumpiga risasi kila mkimbizi atakayekutwa nchini. "Alibisha hodi mchana kweupe," alisema. "Shangazi alimvuta ndani kwa kola, akamwambia, 'Gaspard, umekuja kufa?' Baba akadhani ni utani. Akacheka."

Alikamatwa jioni hiyohiyo. Tume ya kijeshi haikukawia kumhukumu kifo. Hukumu ilipomwandika "mtumishi wa zamani wa mfalme," aliomba waandike "mwandishi" kwanza, kisha hayo mengine. Hawakuandika. Binti aliruhusiwa kumwona kidogo kabla hajapigwa risasi.

"Alinituma kwenu," alisema. "Alisema, 'Nenda Altona. Wana midomo, lakini ni watu wangu.' Na wewe, Kapteni, alisema siku ya safari wengine wote walimkwepa, wewe peke yako ukaja kwenye gari la farasi ukamshika mkono. Nimekuja kukushukuru, mjomba."

Kapteni alisimama, akakaa. Binti aliombwa asubiri chini, dukani, penye moto.

KUMB. NA. 4/1798: MISA YA MAREHEMU
Katibu alipendekeza Chama kimsomee marehemu misa Alhamisi. Mwenyekiti alisema hana kinyongo na maiti. Iliafikiwa na wote.

KUMB. NA. 5/1798: SWALI LA BIBI TASSIN
Bibi Tassin alieleza kwamba Kapteni ndiye anayejua Kijerumani vizuri, na ndiye anayewatafsiria wenzake gazeti mkahawani. Habari ya sheria ile ya kuwapiga risasi wakimbizi aliwasomea mchana wa siku ya safari, gari la Bwana Sauvenay likiwa limeshaondoka. Lakini mwenye mkahawa amemwambia kwamba siku hiyo Kapteni alilichukua gazeti alfajiri, madirisha yalipokuwa yanafunguliwa.

"Nijibu mimi, si Mwenyekiti," alisema. "Ulipomshika mkono yule mzee, ulikuwa umeshasoma?"

Mwenyekiti alisema swali halimo katika ajenda. Kapteni alijibu kwamba alikuwa ameshasoma.

"Gazeti lilikuwa wapi?"

"Ndani ya koti."

Bibi Tassin alitumia neno ambalo Katibu, kwa kuwa ni padre, hataliandika.

Kapteni alieleza kwamba alikwenda garini kwa nia ya kumwambia. Ila kwanza alipita kwa Mwenyekiti kuuliza shauri, na Mwenyekiti akamwambia, "Mwache aende akaione hiyo jamhuri yake." Alisema hamsukumizii mtu mzigo: mdomo uliofungwa ulikuwa wake mwenyewe. Marehemu alikuwa na furaha siku ile, amenyoa, amevaa kola safi. "Nikamchukia kwa ile furaha. Mimi sina wa kumrudia. Nikasema moyoni, gari likianza nitamwambia. Likaanza."

Mwenyekiti alisema maneno yake yalikuwa ya hasira, na kwamba hakuna aliyedhani wangempiga risasi mzee wa namna ile. Bibi Tassin aliuliza mbona ndugu yake Mwenyekiti aliyekuwa njiani kurudi Ufaransa alitumiwa tarishi wa kumwonya siku hiyohiyo. Mwenyekiti alikiri kumtuma.

Mwenyekiti aliagiza binti asiambiwe. Alisema ukweli hautamfufua baba yake, na kwamba mtoto anahitaji kwao, na kwao sasa ndiko hapa. Bibi Tassin alisema binti atalala chumbani kwake, naye hawezi kula meza moja na mtoto huku amefumbata jambo hilo. Kabla kura haijapigwa Kapteni alisimama, akasema, "Ameniita mjomba." Mwenyekiti alimwamuru aketi. Kapteni alishuka ngazi.

Wajumbe walisubiri. Sauti ya Kapteni ilisikika chini, maneno hayakusikika. Mlango wa duka ulifunguliwa ukafungwa, na Kapteni alionekana dirishani akienda kuelekea mtoni, hana kofia.

KUMB. NA. 6/1798: KUNI ZA BARIDI
Mwenyekiti aliomba kikao kiendelee na suala la kuni.

Binti Honorine alipanda, akasimama mlangoni. Katibu alimpa kiti, hakukaa. Alimwambia Mwenyekiti, "Misa ya baba yangu msiisome ninyi." Mwenyekiti alisema, "Mwanangu, sikiliza." Binti alisema, "Nimeshasikiliza."

Alimwomba Bibi Tassin amwonyeshe chumba. Bibi Tassin alichukua shali yake na kuondoka naye.

Azimio la KUMB. NA. 4/1798 limefutwa kwa ombi la mfiwa.

KUMB. NA. 7/1798: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa kumi kasorobo, Mwenyekiti na Katibu wakiwa peke yao mezani. Mwenyekiti aliomba sala ya kufunga. Katibu alimwomba aanze yeye. Sala haikusomwa.

Fontgrive, Mwenyekiti
Th. Carmeil, Padre, Katibu