Jina Lililomnyamazisha Mjukuu

Jumanne jioni

Afadhali ningefunga mdomo.

Binti yangu Ayuma alipiga simu saa kumi kutoka Meksiko, kwenye kale kamji ka mumewe huko Yukatani. Wazee huko bado wanaongea Kimaya, na kila mtu analima mahindi, kama sisi hapa Khayega. Mtoto alikuwa analia. Siku ya tatu sasa, hataki kunyonya, na daktari haoni ugonjwa.

"Mama mkwe anasema tungoje Jumamosi," akaniambia. Mtoto ametimiza miezi mitatu, kwa hivyo siku hiyo atafanyiwa sherehe ya kubebwa kiunoni mara ya kwanza, na eti atatulia. Kwao msichana ni miezi mitatu, kwa sababu ya mafiga matatu ya jikoni.

Sikubishana. Lakini kwetu mtoto akilia hivyo anataka jina la marehemu wa ukoo, na likimtuliza ndilo lake.

"Mwekee simu sikioni," nikasema, "na titi liwe karibu."

Nikaita jina la mama yangu. Akalia. Nikaita la shangazi. Akazidi. Nikahangaika, na kabla sijafikiri likanitoka la Khasandi.

Akanyamaza. Nikasikia ananyonya.

Ayuma akacheka. "Huyo Khasandi ni nani, Mama?"

Nikamwambia ni dada yangu, alikuwa mpole. Sikumwambia kwamba aliolewa mbali, kila mwaka akiahidi kuja Krismasi na asije, na mpaka leo hatujui alizikwa wapi.

"Tutamleta umwone," Ayuma akasema. "Krismasi tutakuja."