Maiki Aliyopewa Osmundi

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka saa mbili, sauti imekauka kabisa. Maji ya tangawizi, vikombe viwili. Nimefua mapazia. Bomba la jikoni bado linavuja, mpira wake umekwisha, kila wiki nasema nitanunua na sinunui. Kanisani sikwenda.

Sendofu ya Neema, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, imepita. Neema ni mtoto wa kaka Lusajo, lakini nimemlea mimi tangu mama yake afariki. Akiwa darasa la pili alikuwa ananiwekea mwiko mdomoni, anasema shangazi tangaza harusi yangu. Jana nimetangaza nusu. Nusu nyingine ni harusi yenyewe, Iringa, tarehe 22, kwao bwana harusi, Festo. Mimi ndiye MC, maiki ni yangu huko pia. Kamati zote mbili zimekubali.

Ukumbi ulicheka. Zaidi pale kwa Mzee Anwar, bosi wa Neema, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tulimweka meza ya mbele na mke wake, Mama Zahra, ambaye naye alishonesha sare yetu, kitenge kile kile cha zambarau. Nikasema wapishi ficheni pilau, Wahindi wamefika, hawa hata maji ya kuoga wanapima kwa kijiko, ndiyo maana harufu yao inatangulia. Watu wakapiga meza. Kaka Lusajo alikuwa anarekodi, simu inatikisika kwa kicheko.

Mama Zahra aliondoka kabla ya keki. Labda alichoka.

Jumanne, 11 Juni

Video imesambaa. Ile ile ya kaka Lusajo. Aliitupa kwenye grupu la kamati yeye mwenyewe, akaweka na vile vikatuni vya kucheka, kisha ikatoka huko ikaenda kusikojulikana. Saa nne asubuhi Mzee Anwar alijitoa kwenye grupu.

Mchana naitwa mbaguzi na watu nisiowajua. Mmoja kaandika kwamba watu kama mimi tunaliaibisha jiji la Mbeya. Huyo huyo Jumamosi alikuwa meza ya saba, alicheka mpaka akamwaga soda.

Neema hajapiga simu.

Alhamisi, 13 Juni

Kikao kwa kaka Lusajo. Watu kumi na mmoja, wote walikuwa ukumbini, wote walicheka. Leo nyuso zimekunjwa. Mmoja akaanza na sala.

Niliwaambia ukweli wangu. Kuna mwenye duka mmoja hapa mjini, Mhindi, aliwahi kuniita golo, yaani mtumwa, mbele ya wateja, akaniambia nishike nguo kwa mikono safi. Hakuna kikao kilichokaa. Hakuna aliyesali. Mimi kutania kidogo, dunia imeanguka. Kaka akauliza, huyo mwenye duka ni Anwar? Nikasema siyo. Akavuta karatasi na kalamu, na hilo likaniudhi kuliko matusi.

Wameniandikia maneno ya kuomba radhi. Nimeyatuma kwenye grupu. Nimetuma ndipo nikakumbuka kwamba Mzee Anwar hayumo tena. Kwa hiyo nimewaomba radhi waliocheka.

Na Iringa nimeondolewa. Maiki kapewa Osmundi, MC wa huko, Mngoni wa Songea aliyehamia Iringa siku nyingi. Neema kakubali. Alikuwa amekaa pale, anaangalia zulia.

Ijumaa, 14 Juni

Nimetazama video za Osmundi, zote nilizozipata. Kila harusi ya Wahehe, kabila la kina Festo, anawaita wala mbwa. Kila harusi. Anapigiwa makofi, anatunzwa, bibi harusi anacheka mpaka wanja unachuruzika.

Mimi nimesema mara moja. Yeye analishwa na jambo lile lile.

Nina wivu. Naandika hivyo hivyo. Nina wivu na sauti yake, na suti yake ya kijani ya ovyo, na jinsi anavyosamehewa kabla hajakosa.

Jumamosi, 22 Juni

Iringa. Baridi ya kukata masikio. Nimekaa meza ya shangazi, nimevaa vizuri, mikono mitupu. Sikujua mikono inakuwa mizito hivi ikiwa haina kitu.

Osmundi kaanza kwa kusema ameshangaa kufika kwao Festo bila kubwekewa. Akauliza mbwa wa hapa wako wapi. Akaambiwa asubiri chakula. Ukumbi mzima chini. Baba Festo anafuta machozi kwa tai, kisha anasimama anamjibu, wewe Mngoni nyamaza, panya wako tumewachemsha kwenye sufuria ya peke yake. Ikawa wao wanarushiana, na watu wanalia kwa kucheka.

Nilikuwa nasubiri atufikie sisi. Nilitaka atutukane Wanyakyusa, haki ya Mungu nilitaka, ili kaka Lusajo aone utamu wake. Alipofika kwenye meza zetu akavua kofia. Kasema hawa wa Mbeya si watani wangu kama Wahehe, hawa ni wageni, nawasalimu kwa heshima. Akaendelea.

Kaka akaninong'oneza, umeona mtu anayejua kazi. Nilikwenda chooni nikakaa huko muda mrefu.

Neema alikuwa mzuri sana. Walipoitwa wazazi wapite mbele alinitafuta kwa macho, akanishika mkono. Sauti iliyotangaza jina lake la ndoa ilikuwa ya yule bwana. Hiyo sitapewa tena.

Jumatano, 3 Julai

Bibi yake Festo amefariki, kijijini kwao Idodi. Ukwe mpya, lazima kwenda. Nimefika alasiri na kaka Lusajo. Vumbi mpaka kwenye kope.

Mtu wa kwanza niliyemwona ni Osmundi. Hana suti. Kaptula, shati lililochanika kwapani, anapasua kuni. Nimesalimia kwa Kihehe, kamwene, akaitikia akaendelea na shoka. Nikadhani kaletwa kuendesha ratiba ya mazishi. Hata msiba wanampa huyu, nikasema moyoni.

Nimelala na wanawake kwenye mikeka. Sikulala.

Alhamisi, 4 Julai

Niandike kama ilivyokuwa.

Jeneza limefika kaburini, Osmundi kaingia shimoni akalala chali. Kasema shimo limemtosha yeye, bibi arudi nyumbani akapike mbwa. Hatoki mpaka apewe jogoo. Padre kasimama na kitabu chake, anasubiri, hata hakushangaa. Binti wa marehemu, mama mtu mzima aliyekuwa hajiwezi kwa kilio tangu jana, akaanza kucheka. Alicheka na kulia kwa pamoja, akamtupia bonge la udongo, akamwita mla panya. Jogoo akaletwa. Osmundi akatoka, akashika koleo, akafukia mpaka mwisho. Wengine walipokezana, yeye hakuachia.

Jioni nimemkuta nyuma ya nyumba na masufuria ya msiba, anasugua kwa majivu, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Masufuria makubwa yale ya kupikia watu mia. Nikachukua moja nikaanza kusugua. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kumwona kwa karibu.

Nilimuuliza nani kamtuma. Kasema hakuna. Baba yake alipofariki, bibi huyu alisafiri mpaka Songea, akawachotea maji siku tatu, akawatukana mbele ya jeneza mpaka mama yake akacheka. Sasa ni zamu yake. Mtani asipokuja kwenye msiba, kasema, wafiwa wanahisi wametengwa.

Nikamuuliza, na Wahindi wa Iringa mbona huwatanii, unaogopa? Akafikiri huku anasugua. Kasema hajawahi kufika kwenye msiba wao, kwa hiyo hajui aanzie wapi.

Hakusema kwa kunisuta. Nadhani hata video yangu hajaiona. Hilo nalo limeniuma, kwamba hajaiona. Nilimchukia dakika kama kumi hivi, kisha masufuria yakaisha.

Ijumaa, 5 Julai

Nimerudi Mbeya. Mtaa wetu wa Soweto kimya, bomba linadondosha.

Wivu haujaondoka, ila umehama. Mwanzo nilimwonea wivu kwa kuachiwa aseme. Sasa namwonea wivu kwa yule mama aliyemtupia udongo. Mimi nimeshika maiki miaka tisa na hakuna nyumba hata moja ambayo nikikosekana msibani watauliza Atupele yuko wapi.

Na yule aliyeniita golo bado ana deni kwangu. Hilo silifuti. Lakini nilikwenda kulidai kwa mtu mwingine.

Jumatatu, 8 Julai

Nimekwenda dukani kwa Mzee Anwar. Neema bado yuko likizo ya harusi. Mzee hakuwepo. Kaunta alikuwa Mama Zahra, amevaa gauni la kitenge. Zambarau. Sare yetu. Limeshaanza kupauka mabegani, analivaa la kazi.

Nikaomba mpira wa bomba. Akauliza nusu inchi au robo tatu. Sikujua. Akaniletea wote wawili, akaniambia usiofaa nirudishe.

Wateja walipopungua nikainama kwenye kaunta nikasema mama, naomba unisamehe kwa yale ya sendofu. Nilisema polepole, kijana anayepima rangi za ukuta asisikie.

Aliweka kalamu pembeni. Kisha akasema, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, kwamba kitenge kile alikichagua na Neema, fundi alikikosea mara mbili, na siku ile alikuwa na furaha tangu asubuhi. Akasema, dada, kunitukana ulitumia spika. Samahani unaninong'oneza.

Akaenda kumhudumia mtu wa misumari.

Mpira wa nusu inchi umekaa sawasawa. Bomba limenyamaza. Huu wa robo tatu nimeuweka mezani, kesho niurudishe.

Jirani ana kitchen party, ya kumfunda bibi harusi, Jumamosi ijayo. Wamemwita MC mwingine. Mama Zahra atakuwepo, jirani ananunua vigae kwake. Nitamwomba huyo MC anipe maiki dakika moja. Hanijui, anaweza kukataa. Nimejaribu kusema maneno yale hapa jikoni, kwa sauti ya ukumbini, nimefika katikati nikanyamaza. Nitajaribu tena kesho asubuhi.