Sauti ya Saa Sita Mchana

Esch, Luksemburgi, 15 Januari 1989

Kaka yangu mpendwa Adelino,

Pokea salamu zangu, nikitumaini kwamba wewe na Mama hamjambo huko Vale do Sobro. Mimi ni mzima. Shangazi Otília amenipokea vizuri, nami nasafisha ofisi za benki. Tangu mkesha wa Krismasi, tulipouzima mtambo wetu wa redio kwa amri ya serikali kama redio zote za Ureno zisizo na leseni, kila ifikapo saa sita mchana, saa ya kipindi changu, ulimi unaniwasha. Najua hujasahau nilichowaahidi wasikilizaji siku ile: kwamba tutarudi vilevile tulivyoondoka, na tangazo la mnyonge litasomwa bure. Niliahidi kwa niaba yetu sote wawili. Maombi ya leseni umeshayapeleka?

Dada yako,
Ludovina

Vale do Sobro, 26 Machi 1989

Dada,

Hujambo? Huku ni wazima, ila goti la Mama. Uniwie radhi kwa kimya changu. Leseni tumepata, na tunafungua mwezi ujao. Watu wananikamata sokoni: "We Adelino, yule dada yako mwenye domo umemficha wapi?" Basi jirekodi kwenye kanda unitumie haraka. Sema tu kwamba tumerudi, na ni sisi wale wale.

Kaka yako,
Adelino

Esch, 2 Aprili 1989

Kaka yangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Niliposoma barua yako nililia hadi Shangazi akauliza nani amekufa. Nikamwambia, "Kuna aliyefufuka." Kanda hii hapa, nimejifungia kabatini kurekodi ili kelele za malori zisiingie. Kazini nimekwisha kuaga. Unipangie tu siku ya kurudi.

Dada yako mwenye furaha,
Ludovina

Esch, 28 Mei 1989

Adelino,

Habari za huko. Mwili wangu hauna ugonjwa.

Nimekuandikia mara mbili bila jibu. Mama ndiye aliyenijibu, kwa mkono wa jirani. Anasema siku ya ufunguzi watu walisimama barabarani wakiisikia sauti yangu, na baadhi walilia. Kesho yake, saa sita mchana, akasikika binti mwingine akisifia vizibo vya chupa vya kiwanda cha Bwana Falcato. Kumbe redio ni mali ya Falcato, nawe ni mkurugenzi wake. Wafanyakazi wake wanaochuna magome ya miti ya vizibo walipoleta tangazo lao la mkutano wa mishahara, walirudishwa mlangoni. Na Dona Perpétua wa duka la mikate alimwambia Mama hadharani: "Binti yako katuuza kwa mdomo wake mwenyewe."

Naomba unijibu jambo moja. Ulipoiomba kanda, ulikuwa unajua?

Ludovina

Vale do Sobro, 19 Juni 1989

Dada mpendwa,

Natumaini hasira imepoa. Nilijua. Leseni ilitaka mtaji, na mwenye mtaji alikuwa Falcato; sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba wewe usirudi kwenye kipaza sauti. Ningekwambia, ungekubali? Redio ingekufa. Wewe ni damu yangu, utanielewa.

Sasa watu wanaizima saa sita, na wenye matangazo wananung'unika. Nirekodie kanda nyingine fupi. Waambie umependa kubaki huko kwa hiari yako.

Kaka yako akupendaye,
Adelino

Esch, 1 Julai 1989

Kaka,

Salamu. Kanda uliyoiomba nimeirekodi mara mbili. Bila kumtukana mtu, nimewaeleza wasikilizaji redio ni mali ya nani, nani aliniondoa, na kwamba ahadi niliyowapa niliitoa kwa moyo safi. Nakala moja ni hii. Ya pili iko njiani kwa Dona Perpétua, naye ataipiga dukani Jumapili tarehe 16, saa sita mchana. Nawe ipige yako hewani saa hiyohiyo. Cheo utakikosa, nami nitakula nawe sahani moja mpaka tuzeeke.

Dada yako bado,
Ludovina

Esch, 20 Julai 1989

Adelino,

Mama amenipigia simu. Anasema Jumapili watu walijaa dukani hadi nje, wakavua kofia, wakasikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza redioni kulikuwa na nini saa hiyo.

Amesema mlipiga muziki.

Binti wa mama yako,
Ludovina