Kopo Lenye Namba Yangu

Kaka Shija, shikamoo.

Ni mimi mdogo wako Kapaya, naandika kwa mkono wangu, kwa herufi zile chache nilizopata kwa mapadri kabla hujanitoa nikachunge ng'ombe. Habari za hapo nyumbani? Macho ya mama yanaonaje sasa? Desturi ni niseme mimi sijambo, lakini leo sisemi. Atakayekusomea barua hii mwambie asiisome mbele ya shemeji, maana ni mambo ya tumbo na choo, naona haya hata kuyaandika.

Bado niko huku milima ya Uluguru, juu ya Morogoro, kwenye machimbo ya ulanga. Ni jiwe linalobanduka kama ganda la kitunguu, linang'aa. Wenzangu wanachimba, mimi nakaa chini nabandua kwa kisu.

Tangu nifike tumbo linanisokota. Siku nyingine nakimbilia msituni mara tano, siku nyingine linajaa kama ngoma na hakitoki kitu. Nimeliangalia sana, kaka. Linaanza asubuhi nyapara akigonga chuma cha kutuita. Jumapili chuma hakigongwi, na tumbo linanyamaza. Chakula ni kilekile.

Akaja daktari Mzungu, akapiga hema karibu na mto. Alitaka kujua kwa nini watu wa machimbo wanaumwa matumbo. Kila mgonjwa akapewa kopo lenye namba. Asubuhi unaleta choo chako humo, yeye anakichungulia kwa chombo chake cha shaba, anaandika kitabuni.

Hapo nikakumbuka maneno yako, siku ile unanisindikiza mpaka njia panda: "Ugenini usiache nywele, usiache kucha, na choo chako kifukie. Mtu akikipata, amekupata wewe." Umebeba mizigo mpaka pwani ukarudi mzima, mimi nani nikubishie?

Nikamnong'oneza Kibwana. Huyu ni Mluguru, kwao ni kilima kile pale, anakuja kazini asubuhi anarudi kwake jioni. Akacheka mpaka akashika mti.

"Wewe Mnyamwezi, umevuka pori la simba, unaogopa kopo? Lete hapa! Mimi niko kwetu, mizimu yangu yote iko hapa, atanifanya nini?"

Akanirudishia limejaa. "Mpelekee na salamu zangu," akasema.

Kesho yake msaidizi wa daktari, mtu wa pwani anaitwa Feruzi, akaita mbele ya watu wote: "Namba kumi na saba! Una minyoo ya kugawia majirani!" Wakaninywesha dawa kali, wamenisimamia. Nilitapika, nikaharisha siku mbili, nikajua nakufa. Hakutoka hata mnyoo mmoja. Kopo la pili nikaweka changu mwenyewe, hata nguvu za kuogopa sikuwa nazo. Likaonekana safi. Daktari akafurahi, akaandika nimepona.

Sasa sikia kilichonichoma. Walikuwepo wenzetu wanne, matumbo yao kama langu, na makoponi mwao hakukuonekana mdudu tangu siku ya kwanza. Hao ndio daktari aliwashangaa. Akawakalisha mmoja mmoja, akawauliza wanalala vipi, wanaogopa nini. Mwisho akawapa barua zenye muhuri waende makwao, warudi baada ya mavuno, aone kama kupumzika kunaponya. Wanaondoka kesho. Mmoja ndiye huyu anayekuletea barua hii.

Nilimwendea Feruzi nikamwambia kweli. Akatazama huku na huku. "Nyamaza, ndugu yangu. Kikishaandikwa kimeandikwa. Ukisema ulimdanganya Mzungu ni kiboko, kwako na kwangu niliyepokea kopo." Nikaenda mwenyewe mpaka mlangoni pa hema. Daktari akainua macho. Unanijua nilivyo. Nikaondoka.

Jana tumbo limenisokota tena. Nyapara akasema, "Wewe kwenye kitabu cha daktari umeshapona. Huu ni uvivu." Akanichapa. Na minyoo bado iko kwa Kibwana, anakula ndizi zake anacheka.

Nilitaka kusema sikulaumu, kaka. Nimekaa na kalamu, neno hilo halikutoka. Mdogo wetu wa mwisho, jumbe akimtoa naye kuja machimboni kwa zamu yake, usimwambie yale ya njia panda. Mwambie akipewa kopo aweke chake.

Nisalimie shemeji, na shangazi aliyenifungia njugu za safarini. Nisalimie baba mdogo, mwambie kisu chake bado ninacho.

Na mama. Nilimwahidi nitarudi kabla macho yake hayajafunga. Huyu mleta barua ana kimo changu, na mwendo wake kama wangu. Akikaribia uani, mtu atangulie amwambie mama mapema kwamba siye mimi.

Ni mimi mdogo wako, niliyepona kitabuni,
Kapaya