Sehemu Moja ya Mia ya Sekunde

Mjimwema, Njombe

Mama yangu mpendwa,

Kamwene! Mmeamkaje huko Bulongwa? Mgongo bado unakusumbua, au ile dawa ya hospitali imekupoza? Mimi sijambo kabisa. Baridi ya hapa haina tofauti na ya kwetu, ila blanketi ulilonifungia linatosha, na kazi ya picha kwa Bwana Ramji nimeipenda.

Uliuliza nimejifunza nini. Mama, nimejifunza kugawa sekunde. Sekunde moja ni kama pigo moja la moyo. Igawe mara kumi: kipande kimoja hakitoshi hata kupepesa jicho. Kigawe nacho mara kumi, upate sehemu ya mia. Hapo nyuki hupiga mabawa mara mbili tu. Kamera yetu kubwa huweza kufungua na kufunga jicho lake kwa sehemu ya elfu, na hapo nyuki hajamaliza hata kushusha bawa.

Wiki iliyopita tulipanda lori kwenda Makambako kupiga watu picha. Akaja bibi mmoja wa Lyamkena, jina lake Semligo, anayetetemeka kichwa na mikono kwa maradhi. Mwanawe yuko migodini, Afrika Kusini. Huko nyuma alipelekewa picha iliyopigwa kwa sehemu ya kumi, na uso wa mama ukatoka kama uji uliomwagika. Kijana akaamini mama amekufa, ndugu wanamficha kwa kumtumia picha ya mtu mwingine.

“Nataka ayaone macho yangu,” bibi akasema.

Bwana Ramji akatazama mawingu. “Kwa mtetemeko huu inatakiwa sehemu ya mia. Lakini muda ukipungua mara kumi, mwanga unaoingia nao hupungua mara kumi. Leo jua hakuna, picha itakuwa nyeusi.”

Lori la kurudi Njombe lilikuwa limeanza kupakia. Nikamsihi, “Bwana, tungoje kidogo.”

“Likituacha utalala wapi wewe?”

“Kwangu,” bibi akadakia. “Nyote wawili. Viazi vipo.”

Bwana Ramji akacheka, akashusha mizigo yake. Tukala viazi kweli, na maharage.

Asubuhi upepo wa Makambako ukafagia mawingu yote. Nikashika shuka jeupe ili jua limrudie usoni. Bwana Ramji akabonyeza.

“Mtaanza lini?” bibi akauliza.

“Tumemaliza, mama.”

Picha tuliisafishia hapa Njombe, na juzi nikampelekea. Mama, kila kunyanzi lilionekana, na mikono imelala mapajani kama ya mtu aliyetoka shambani. Akaipapasa kwa kidole kinachotetemeka.

“Mbona nimetulia?”

Nikamweleza habari ya kugawa sekunde, kama nilivyokueleza wewe. Akaisogeza picha karibu na macho. Kisha akatabasamu.

“Kumbe katikati ya kutetemeka huwa napumzika.”

Nyingine kama hiyo tumeitia posta, inamwendea mwanawe.

Nisalimie mjomba Yakobo, mfuga mbuzi wetu, na shangazi Luti, mwimbishaji wa kwaya. Mdogo wangu Tumaini, anayekusomea haya, asome polepole, na akuulize ni siku gani utashuka Njombe. Nataka nikupige picha. Wewe hutetemeki, lakini najua hutaacha kucheka.

Ni mimi mwanao, nikuwazaye kila siku,
Elia